Maradhi ya Jumanne

Ukitaka kujua watu wanakuonaje, ugua. Usiseme una nini. Jilaze tu utetemeke, halafu sikiliza wanavyouita ugonjwa wako. Hapo ndipo utakapojua jina ulilopewa nyuma ya mgongo.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alilisikia lake kila Jumanne asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mfupi, mikono imejaa alama za cheche, na karakanani walimwita Zimua. Jina hilo, tuseme ukweli, alijipa kwa mdomo wake mwenyewe enzi zile alipokuwa akinywa. Kila siku kabla ya kazi alipita kilabuni kupata glasi moja ya kutuliza kichwa cha jana, na akiulizwa anajibu kwamba yeye hanywi, anazimua tu, kama mtu anayetia maji baridi kwenye beseni la maji ya moto. Glasi moja ikawa tatu, tatu zikawa siku nzima. Mpaka asubuhi ile alipotumwa kumpeleka kitinda mimba wake, mtoto wa miaka miwili, kupigwa sindano ya chanjo, akamwacha kwenye benchi la zahanati akaenda kuzimua mara moja. Alirudi saa kumi. Mtoto alikuwa amechukuliwa na jirani.

Mkewe hakupiga kelele. Alipakia begi, akaliweka mlangoni, akasema: "Siku nitakayoiona hali hii tena sitasema neno. Nitabeba begi na watoto." Begi likasogezwa chini ya kitanda, likabaki huko. Naye fundi akaacha. Asikudanganye mtu kwamba kuacha pombe ni rahisi. Mwezi wa kwanza alilia kama mtoto na kutapika nyongo. Lakini aliacha, na kwa miaka saba hakuonja hata tone. Hata neno lenyewe lilifukuzwa nyumbani. Watoto wakitaka maji ya kuoga yapunguzwe moto walifundishwa kusema "poza maji", kwa sababu mama yao hakutaka kusikia kitu kinaitwa kuzimua ndani ya nyumba yake.

Pombe aliiacha. Jina ndilo lililokataa kumwacha.

Sasa mwaka huo karakana ilipata kazi kubwa ya kutengeneza vitanda vya mabweni, mamia ya vitanda, kwa mabomba meupe yanayong'aa, yale yaliyopakwa zinki yasipate kutu. Bomba la namna hiyo ukilichomelea linatoa moshi mweupe mzito, na ukungu wake unashuka mabegani kama unga. Banda la kuchomelea lilikuwa na dirisha moja, nalo limezibwa kwa mbao mvua isiingie. Feni ya kuvuta moshi iliungua tangu mwaka juzi. Kila aliyeuliza aliambiwa ombi limeshapelekwa, na mpaka leo hakuna anayejua lilipelekwa wapi.

Jumatatu ya kwanza ya kazi hiyo, alipofika nyumbani jioni, Zimua alisikia kiu ya ajabu. Alikunywa maji kopo kwa kopo na kiu iko palepale. Mdomoni alikuwa na ladha kama amemung'unya sarafu. Baridi ikampanda, mifupa ikauma, na asubuhi ya Jumanne aliamka macho mekundu, kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, mikono inatetemeka hata kifungo cha shati kinamshinda. Mwanga wa dirishani ulimchoma. Akageuza uso ukutani, na alipogeuka tena mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Mtazamo ule aliujua. Hakuwa ameuona kwa miaka saba.

"Pumua," mkewe akamwambia.

Akapumua. Mke akainama akanusa mdomo wa mumewe, mume wa ndoa ya miaka ishirini, kama mtu anayenusa maziwa kujua yameganda au bado. Hakunusa kitu. Akainuka, akaenda jikoni. Siku ya pili yake fundi alikuwa mzima, Alhamisi na Ijumaa akachapa kazi kama kawaida, na jambo likaonekana limepita.

Jumanne iliyofuata likarudi. Na nyingine. Pumua. Pumua. Jumanne ya tatu begi lilikuwa limetoka chini ya kitanda, limeegemea mguu wa kabati. Jumanne ya tano lilikuwa katikati ya chumba. Hakuna aliyelitaja. Fundi alilizunguka akienda kunawa, akalizunguka akirudi, na kila akijaribu kueleza, mkewe anasema hajamuuliza chochote. Na hakika hakuwa amemuuliza. Binti mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, akaanza kuoga na kuondoka mapema siku za Jumanne, bila kuambiwa na mtu.

Kazini hakukuwa na wa kunusa, maana walishahukumu. Msimamizi wao walimwita Saa Mbili, kwa kuwa saa mbili kamili asubuhi alikuwa getini, saa mkononi, anahesabu nani kachelewa. Ndani ya banda haingii. Moshi, alisema, unamharibia shati. Jumanne ya kwanza alimtazama Zimua kuanzia miguuni hadi machoni, akacheka. Jumanne ya pili akasema mbele ya watu wote: "Nenda kazimue, urudi ukiwa mtu." Watu wakacheka. Jumanne ya nne ikatoka barua ya onyo, ya saba ikatoka ya pili. Zote zilisema kosa ni kufika kazini na uchovu wa pombe.

Alikwenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana mpole, akamsikiliza kifua, akamwangalia ulimi, akauliza: je, unakunywa? Zimua akaamua kusema kweli, kwa vile alidhani ukweli ni sehemu ya tiba. Akasema nilikuwa nakunywa, niliacha. Kalamu ikasimama. Tabibu akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, akamshauri anywe maji mengi na ajitahidi. Ajitahidi nini, hakusema. Basi niambie, mtu huyu angepeleka wapi mdomo wake? Akisema amekunywa anafukuzwa, akisema hajanywa ni mwongo, na akinyamaza ndiyo kabisa amekiri.

Lakini lililomkera kuliko barua zote lilikuwa hili. Hakuwa peke yake.

Katika banda lile kulikuwa na fundi mwingine waliyemwita Mtawa, mtu wa sala, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, hajawahi kusikika akitukana hata nyundo ilipompiga kidole. Mtawa naye Jumanne alikuwa hoi. Anatetemeka, anajifunika koti, jasho linamtiririka. Saa Mbili akimwona humwambia, pole sana bwana, malaria hii itatumaliza, kapumzike stoo. Na Mtawa anakwenda kulala juu ya magunia na kipakiti cha maziwa. Kila Jumanne malaria. Mbu huyo lazima alikuwa na kalenda.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mjane, waliyemwita Bi Msasa kwa kuwa ndiye aliyelainisha maungio ya vitanda kwa msasa, ana kwa ana na wachomeleaji. Yeye Jumanne alitapika nyuma ya lundo la mabomba. Wanaume wakatazamana. Wiki ya tatu ikawa hadithi karakana nzima kwamba Bi Msasa ana mimba, na kazi ikabaki kubahatisha mwenye mzigo. Hakuna aliyempa pole wala barua. Walimpa tabasamu.

Moshi mmoja, banda moja, siku moja. Mwenye sala kapewa malaria, mjane kapewa mimba, na mlevi mstaafu karudishiwa ulevi wake. Wagawaji wa maradhi walikuwa hodari kweli.

Jumanne ya tisa wote watatu walikutana kwenye bomba la maji nyuma ya stoo, kila mmoja amekuja kunawa uso kwa siri yake. Zimua akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akawatazama. Na hapo, kwa mara ya kwanza, hasira yake ikamfaa kitu. Kama kuna jambo duniani alilolijua fika, ni hangova, ule uchovu wa pombe. Wengine wamesomea sheria, yeye alisomea hangova miaka kumi na minne, mchana na usiku. Anajua inavyoanza nyuma ya macho, inavyoshuka tumboni, inavyoondoka jua likifika utosini. Na hii, tangu wiki ya kwanza, ilikuwa ikimwambia mwilini kwamba inafanana nayo lakini siyo.

Akamuuliza Bi Msasa mdomo wake una ladha gani. Mama akatema mate, akasema kama amelamba sarafu. Akamgeukia Mtawa. Mtawa akasita, akasema anasikia kama ameng'ata ufunguo, ila alidhani ni dawa za malaria.

"Mnakumbuka wiki ile tuliyofanya kazi Jumamosi na Jumapili, oda ilipochelewa?" Zimua akasema. "Jumanne yake nani aliugua?"

Wakafikiri. Hakuna.

"Sikilizeni. Mlevi akikaa siku mbili hajanywa, anapona. Sisi tukikaa siku mbili hatujafanya kazi, ndiyo tunaugua. Tukirudi kwenye moshi, kufika Jumatano tumetulia. Nawaambia mimi ninayejua. Moshi ndio unaotulewesha, na moshi huohuo ndio unaotuzimua."

Neno lile lilimtoka mwenyewe. Alishtuka kulisikia mdomoni mwake baada ya miaka saba, lakini halikuwa na aibu. Lilikuwa limekaa mahali pake sawasawa, kama ufunguo kwenye kufuli.

Akawaomba wakaseme pamoja kwa meneja. Bi Msasa alisema yuko tayari hata sasa hivi na matapishi yake. Mtawa alifunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. Yeye, alisema, ana malaria, tena hapendi jina lake litajwe sentensi moja na hangova, watu watafikiria vibaya. Akachukua maziwa yake akaenda kulala. Zimua alimtazama mgongo mpaka ukapotea, na kama si kizunguzungu angemfuata.

Barua ya tatu ilikuja Jumanne ya kumi na moja: afike ofisini kwa meneja kesho yake, Jumatano, aeleze kwa nini asiachishwe kazi. Jioni alimpa mkewe aisome. Aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akasema, "Wakikufukuza kwa pombe, nami nitakuwa nimeambiwa na watu wazima, sitahitaji kunusa tena." Asubuhi begi lilikuwa mlangoni. Ilibidi alisogeze ndipo mlango ufunguke aende kazini.

Ofisi ya meneja ilikuwa na kiyoyozi na picha ya kitanda kimoja kizuri ukutani. Meneja, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye mambo humfikia yakiwa yameshaandikwa. Saa Mbili alisoma Jumanne zote moja baada ya nyingine. Kisha Zimua akasimama. Alieleza kuhusu zinki, kiu, ladha ya sarafu, wiki ile isiyo na mapumziko. Alieleza hangova ya kweli ilivyo, hatua kwa hatua, na hii inapoachana nayo: hangova haina homa ya kukutetemesha hivi, hangova haiishi Jumatano ukiwa bado kwenye chupa. Alieleza vizuri kupita alivyowahi kueleza kitu. Na ndicho kilichomponza, kwa sababu kadiri alivyoeleza vizuri, ndivyo walivyozidi kuona jinsi anavyoijua pombe.

Saa Mbili akasema mlevi hakosi hadithi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bi Msasa aliingia na aproni yake imejaa vumbi, hakuomba kiti. "Samahani meneja. Mimi ni mjane, nina miaka hamsini na mbili. Wanaume wako wanasema nina mimba, na mimba yenyewe inakuja Jumanne inatoka Jumatano. Nataka waniambie ni ya nani, maana mimi mwenyewe sijui."

Meneja alivaa miwani yake. Akaagiza Mtawa aitwe. Mtawa alikuja, akatazama viatu vyake, akasema ni malaria. Bi Msasa akamuuliza amepimwa mara ngapi. Mara nne, akajibu. Ikaonekana mara ngapi? Hapo, kwa haki yake tuseme, mtu wa sala uongo ulimshinda. "Haijaonekana," akasema. "Hata mara moja. Nami naondoka na ladha ya chuma mdomoni kila Jumatatu jioni."

"Masikini," meneja akasema. "Pole sana. Mbona hukusema siku zote hizi?"

Zimua aliuma meno. Alikuwa amesema wiki kumi na moja. Alikuwa amesema dakika tano zilizopita, ndani ya chumba hichohicho, kwa mdomo ulionuswa kila Jumanne. Sasa mtu mwingine amesema sentensi mbili, tena kwa kulazimishwa, na hakuna aliyemwambia apumue.

Meneja hata hivyo alikuwa na akili ya haraka. Aliamuru barua ya kumwachisha Zimua kazi isitiwe sahihi kwanza. Jumatatu, alisema, msimamizi ashinde ndani ya banda, ashike mabomba wakati yanachomelewa, ili ampe taarifa ya kile atakachokiona kwa macho yake. Saa Mbili alilitazama shati lake.

Jumatatu ikapita. Hakulalamika, hilo nalo tumpe. Alitoka saa kumi na moja mabega meupe, amekunywa chupa mbili za maji, akisema ni joto tu.

Jumanne, saa mbili kamili, getini hapakuwa na mtu. Mafundi wakaingia wakitazama nyuma, kama watoto waliokosa mwalimu. Ilipofika saa nne ndipo alipotokea, amevaa sweta jua likiwaka, midomo imekauka, macho mekundu, anashika ukuta. Karakana nzima ilisimama. Wote walimgeukia Zimua, naye alikuwa palepale karibu na geti, anatetemeka vilevile, na ulimini ana maneno aliyoyaandaa tangu Jumatano: nenda kazimue, urudi ukiwa mtu. Aliyarudia usiku mzima, ameyanoa mpaka yakakata.

Akafungua mdomo.

"Pole," akasema.

Alijishangaa. Saa Mbili aliinamisha kichwa, akaomba maji, na Zimua akampa kopo lake. Na alipomwona anakunywa ndipo hasira ikampanda upya, kali kuliko ya barua, kwani alitambua neno lenyewe lilivyo dogo. Herufi nne. Halina gharama, halihitaji feni wala kikao. Jumanne kumi na moja alikuwa ameugua mbele ya macho ya watu, na hakuna hata mmoja, wa kazini wala wa nyumbani, aliyemtupia.

"Sikunywa, meneja," Saa Mbili alikuwa anamwambia meneja, aliyetoka ofisini kuja kuona. "Naapa sikunywa." Na hakuna aliyemtaka aape. Waliamini walipomwona tu.

Banda likafungwa siku hiyohiyo. Alikuja mkaguzi wa afya za wafanyakazi, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia kwamba hii ni homa ya moshi wa zinki, inajulikana zamani, inampata anayerudi kazini baada ya mapumziko, na dawa yake ni kuacha kuvuta moshi. Mbao zikang'olewa dirishani. Feni ikapatikana siku ya tatu, feni iliyokuwa ikisubiriwa miaka miwili. Barua za Zimua zikachanwa, na meneja akamwambia suala limefungwa. Si kwamba walikosea. Limefungwa.

Lakini hayo ya feni ni ya baadaye. Jumanne ile ile alirudi nyumbani mchana. Njiani aliapa kwamba mkewe akimwambia apumue, atampita na kulibeba begi yeye mwenyewe aondoke nalo. Bi Msasa alikuwa ametangulia kufika, amekwisha kumwambia mkewe yote na kwenda zake.

Mke alikuwa jikoni, sufuria ya maji inafuka mvuke. Hakugeuka. Zimua akasimama mlangoni, karibu na begi.

"Kwa hiyo umeamini," akamwambia. "Umemwamini Bi Msasa."

"Ndiyo."

"Mimi nimekupumulia wiki kumi na mbili."

Mke alizima moto. Alisema, polepole, kwamba alikuwa akiombea asinuse kitu, na asiponusa alizidi kuogopa, kwa sababu zamani pia mumewe alijua kuficha. Alisema amekosa. Alilisema hivyohivyo, bila kulipamba, na Zimua akaona kwamba kusamehe bado hawezi, labda kesho.

"Basi toa nguo za watoto kwenye hilo begi," akasema. "Nione ukizitoa."

Mke akapiga magoti akafungua zipu, nayo iligoma mara mbili kwa kutu. Akatoa kitu cha kwanza, akakishika mikononi, asikiweke chini. Lilikuwa gauni dogo la njano, la mtoto wa miaka miwili. Chini yake viatu vya sufu, kofia, kaptura ya kaka mtu alipokuwa anaanza shule. Begi halikuwa limefunguliwa tangu siku ile ya zahanati. Wiki zote hizi alilisogeza tu, hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, bila kukumbuka alichopakia.

Binti yao aliingia kutoka shule, akaliona gauni, akauliza ni la nani.

"Lako," baba yake akamjibu.

Mtoto akalipima kifuani, halikufika hata kitovuni, akacheka. Mama yake akajifuta macho kwa kiganja, akainuka, akamimina maji kwenye beseni, akaongeza kopo moja la baridi, akachovya kidole.

"Nenda kaoge, Baba," akasema. "Nimeshayazimua."